Mkate Uliomlilia Mama Yake

Alasiri moja ya mwaka 2014, mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh, Truphena alikuwa jikoni akiyeyusha jibini kwa moto mdogo. Madam Nada, mwajiri wake, alisoma Wales akarudi ameacha kula nyama, na sasa alitaka chakula cha huko: jibini na haradali juu ya mkate, viingie kwenye oveni hadi viive rangi ya kahawia. Wenyewe hutia bia. Truphena alitia kinywaji cha shayiri kisicholevya.

Jana yake alikuwa ametia sosi nyeusi ya chupa, na kwa kuwa sosi ile ina dagaa ndani, mkate ulijirusha kwenye sinki ukaogelea mpaka kizibo kilipochomolewa. Kwa hiyo leo alitia ukwaju.

Madam akauchoma uma. Mkate ukalia, "Mbuuu."

"Bado kuna mnyama humu," madam akasema.

Haroub, dereva wa nyumba, mzee wa Kizanzibari, akaweka chini kikombe chake cha chai akasoma karatasi ya jibini. "Imegandishwa kwa tumbo la ndama. Shamba lipo Jeddah. Kitoto chamwita mamake hicho."

Truphena akapiga mluzi wa kukamulia, kama wa kwao Kakamega, akaupa mkate kidole. Ukanyonya, ukatulia.

"Kitendawili," Haroub akamnong'onezea.

"Tega, mzee."

"Hana kwato, hana mkia, na anamlilia mama kuushinda mkate huu."

Truphena akafikiri weee. "Umenishinda."

"Nipe mji."

"Chukua Riyadh, na vumbi lake lote."

"Bintiyo Keziah, uliyemwacha kwenu."

Truphena akacheka, kisha akaacha. Mkataba wake ulikwisha tangu Ramadhani, na pasipoti ilikuwa bado kwenye droo ya Baba Marwan, mume wa madam. Kila akiuliza, baba humwambia kwenye ofisi ya vibali kuna msongamano.

Madam alikuwa analia. "Maskini! Nani kamtenga na mama yake?"

Baba Marwan akatoka na ufunguo wa gari. Kabla ya adhuhuri ya kesho yake mkate ulikuwa na cheti cha afya, kibali cha kusafiri na kiti cha dirishani kwenye ndege ya Jeddah. Truphena alikaa kando yake kwa ajili ya ule mluzi, madam kiti cha nyuma. Mhudumu wa ndege aliufunga mkanda, akauuliza kama unataka maji.

Shambani, nje kidogo ya Jeddah, ng'ombe mwenye madoa aliunusa mkate, akailamba haradali yote, akapiga chafya. Mkate ukaota miguu minne, mmoja mfupi kwa sababu ncha moja ya mkate iliungua kwenye oveni. Ukachechemea hadi chini ya kiwele, ukanyonya. Mwenye shamba akauandikia nambari ya sikio, ingawa hapakuwa na sikio.

Madam akajifuta machozi. "Mtoto ni wa kuwa na mama yake."

Truphena akaona hapo ndipo. "Ndiyo, madam. Na Keziah wangu ana miaka saba. Nisemee kwa baba anipe pasipoti niende nyumbani."

Madam akamshika bega kwa upole. "Truphena, yule ni ndama. Usichanganye mambo. Yalla, twende, tutachelewa ndege."

Ijumaa iliyofuata Truphena alipika tena, kwa jibini iliyogandishwa kwa mimea. Mkate ukatoka kwenye oveni, ukakaa sahanini, haukusema lolote. Madam akala kipande, akaomba cha pili, akasema hata Wales hawapiki hivi.

Simu ya Truphena ikalia juu ya friji. Akaipokea, na sauti ikajaa jikoni kote: "Mama! Mama, unakuja lini?" Kisha kilio, kirefu, cha mtoto asiyetaka kubembelezwa kwa simu.

Madam akashtuka, uma mkononi. Akainama, akautegea mkate sikio, akasikiliza kwa makini upande huu na upande ule. Ulikuwa kimya kabisa.

Akaendelea kula.