Kutua Kimya

Niseme mapema, mtu asije akadai nimeficha: mimi ni mwongo. Si mwongo wa kila siku. Nikikwambia mashine yako ya kushonea imekufa, imekufa kweli, na mteja wangu yeyote atanitetea. Uongo wangu ni mmoja tu. Ulikaa miaka minne ndani ya rimoti ya helikopta, na nusura uvunje kitu ambacho mwanangu alikijenga kwa miaka miwili.

Klabu yetu hurusha helikopta ndogo kwenye kiwanja kilicho nyuma ya kiwanda cha matofali. Ndogo ni jina tu. Yangu ina mapanga karibu urefu wa mkono wangu, na yakishazunguka hukata chochote bila kuomba samahani. Ndiyo maana kuna mtihani: lazima ujue kuishusha mota ikiwa imezimwa, kwa sababu iko siku mota itazima yenyewe na chini kuna watu. Sisi tunaita kutua kimya. Unazima mota huko juu, unayainamisha mapanga, helikopta inaanguka, na upepo wa kule kuanguka unayazungusha mapanga kwa kasi. Ukikaribia ardhi unayainua, na ile kasi inakuwa breki yako. Breki yenyewe ni moja. Ukiikanyaga mapema, kasi inakwisha ukiwa bado hewani, na kazi inayobaki ni kuokota vipande.

Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa jambo hilo. Waliniita Unyoya. Helikopta yangu ilikuwa ikifika usawa wa kifua inasita, inakaa hewani kidogo kama mgeni anayetafuta kiti, halafu inashuka polepole mpaka chini. Watu walipiga makofi. Nilivimba kichwa, sina haja ya kukataa.

Ukweli ni huu. Nilishavunja helikopta mbili mfululizo, nikachoka, nikaichezea swichi yangu. Swichi ya wenzangu ukiibonyeza inazima mota kabisa. Yangu iliiacha izunguke kidogo, chinichini, na mlio wa mapanga ukaifunika. Mapanga yakiwa na kasi, mota haiyagusi. Yakianza kuchoka pale karibu na ardhi, mota inayashika mkono. Nilijiambia ni kwa wiki moja tu, hadi nizoee. Wiki hiyohiyo wakaanza kunipigia makofi, na mimi sikuwa na ubavu wa kurudi nyuma.

Ingekuwa aibu ya peke yangu, ningekufa nayo. Lakini binti yangu akataka kujifunza. Ni mtoto wangu wa kwanza, kazi yake kutengeneza meno bandia, na ana subira ambayo sijui aliitoa wapi, maana si kwangu wala kwa mama yake. Alijenga helikopta yake chumbani kwake, skrubu moja moja, na wakati huo akawa anajifunzia kwenye helikopta yangu, kwa rimoti yangu, kwa swichi yangu. "Usawa wa kifua, mama," nilimwambia kila Jumamosi. "Ikifika kifuani, inua." Naye akainua, ikatua vizuri, na mimi nikasimama pale nikimsifu mwanangu kwa kazi iliyofanywa na mota.

Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya mtihani wake, nilimkuta sebuleni anapanga rimoti yake mpya.

"Baba, hii swichi ya mota inakuwa sifuri kabisa, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na yako ni sifuri?"

Hata hakuinua macho. Alitaka kuhakikisha tu. Nikamwambia ndiyo. Kisha nikaenda jikoni nikanywa maji bila kiu, mama yake akaniuliza kama naumwa, nikasema ni joto.

Ijumaa nzima nilitafuta pa kuanzia. Nilifungua mdomo wakati wa chai nikaishia kuomba sukari. Nilimpigia simu kazini kwake, alipopokea nikamuuliza atarudi saa ngapi, jambo ambalo nalijua tangu aajiriwe. Ulimi ulikuwa mzito, na mimi mwenyewe sikuusaidia.

Jumamosi asubuhi Katibu wa klabu alitufikia akiwa na futi ya kamba na ndoo ya chokaa. Huyu ni mpima ardhi mstaafu, nadhani hata chai yake huipima. Akachora duara katikati ya kiwanja. Sharti ni kutua humo mara tatu, kimya. Ukishapaa, mtihani umeanza; ukishindwa, hadi mwakani.

"Unyoya!" Jamaa mmoja tunayemwita Betri, kwa kuwa ndiye anayetuuzia betri, alinipiga bega. "Leo mtoto anakuja kukunyang'anya jina."

"Achukue tu," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba mpaka akanitazama mara mbili.

Katibu aliikagua swichi ya binti yangu helikopta ikiwa bado chini. Akabonyeza, mota ikanyamaza kabisa. "Sifuri. Safi." Mimi sijawahi kukaguliwa hata siku moja. Mtihani ulipoanzishwa, mimi ndiye niliyekuwa mfano wa kuigwa.

Tukasimama nyuma ya wavu wa usalama. Binti yangu akapaa. Ile helikopta ilikuwa na rangi ya maziwa, aliipaka mwenyewe kwa brashi zake za kazini za kupakia meno bandia, na ilipanda wima bila kuyumba hata kidogo. Mota yake ilikuwa na sauti nzuri. Ilipofika juu ya mnara wa kiwanda akaituliza, akavuta pumzi, na kidole chake cha shahada kikaanza kupanda kuelekea kwenye swichi.

Hesabu yote nilikuwa nayo kichwani. Atazima. Ataanguka vizuri, kwa sababu kuanguka anajua. Ikifika kifuani atainua, kama alivyofundishwa na baba yake. Mapanga yatajikaza, yatachoka, na hakutakuwa na wa kuyashika mkono. Itadondoka, mapanga yatapiga ardhi, yatakata mkia. Miaka miwili itakwisha kabla hajapepesa macho, na atadhani kosa ni lake. Hilo la mwisho ndilo lililonifungua mdomo.

"Usizime!"

Kumpigia kelele mtu anayerusha ni mwiko kwetu. Kiwanja kizima kiliganda. Kidole chake kikasimama unywele mmoja kabla ya swichi, na macho hakuyatoa angani.

"Baba, nini?"

"Ishushe. Ishushe na mota yake."

Akaishusha. Mapanga yalipotulia ndipo Katibu akanigeukia, shingo imemvimba. "Mzee, umeharibu mtihani wa mtu. Una sababu?"

"Ninayo," nikasema, na nikaimwaga yote hapohapo, swichi, mota, makofi, miaka minne. Betri alicheka akidhani natania. Alicheka peke yake.

Binti yangu hakulia. Afadhali angelia.

"Juzi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema ndiyo."

"Nilisema ndiyo."

"Kwa hiyo mimi sijawahi kutua kimya. Hata mara moja."

"Hata mara moja, mama."

Katibu akakohoa. Akasema anasikitika, lakini binti alishapaa, na sheria haijui habari za baba na mtoto. Atue leo au asubiri mwakani. Nilitaka kumrukia. Binti yangu akaniwahi kwa kunishika mkono, na haukuwa mshiko wa mapenzi.

"Weka yako sifuri," akasema. "Irushe. Nataka kuona mapanga yanachokea wapi."

"Nitaivunja."

"Najua. Na uinue palepale uliponifundisha. Kifuani."

Nilibonyeza bonyeza rimoti mpaka ile namba niliyoificha miaka minne ikawa sifuri. Nilikosea mara mbili, na hakuna aliyenicheka, jambo lililoniuma kuliko kuchekwa. Nikapaa. Huko juu, mkono ulipoigusa swichi, niliogopa kama mtu ambaye hajawahi kuizima mota yake, na kwa haki kabisa, maana sikuwahi.

Nikazima. Ikaanguka. Mapanga yakalia kwa kasi, mlio ukapanda, ardhi ikaja mbio. Pembeni yangu binti yangu alikuwa amechuchumaa nyuma ya wavu, kidevu karibu na magoti, macho ameyakaza juu ya duara. Kifuani nikainua. Ikasita, kama siku zote. Nusu sekunde nikadhani labda itakubali. Kisha nikasikia mapanga yakipungua, fuu, fuu, fuu, hadi nikaweza kuyahesabu, na chini ya mlio wao hapakuwa na kitu. Ikadondoka. Mguu mmoja ukavunjika, ikalala ubavu, panga likaukata mkia na kipande kikaja kugonga wavu mbele ya uso wangu.

Binti yangu hakukitazama. Alikuwa bado anatazama pale hewani.

"Niinue gotini?" akauliza.

"Gotini. Labda chini ya goti."

"Labda?"

"Sijui, mama. Kweli sijui."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua rimoti yake.

Helikopta ya rangi ya maziwa ilipanda, ikatulia, na mota ikakatika. Ilishuka kwa kishindo cha upepo. Ilipofika kifuani mwili wangu wote ukainua, mabega, visigino, hata nyusi. Gumba lake halikucheza. Kiunoni, bado. Nikauma ngumi yangu. Chini ya kiuno Betri akasema "Yallah" kwa sauti ya mtoto, na gumba likapanda. Helikopta ikapiga chini, ikaruka kidogo, ikasimama. Ilikuwa ndani ya chokaa.

Haikuwa nzuri kutazama. Ilikuwa ya kweli, na nilijua tofauti yake kuliko mtu yeyote pale.

Ya pili alingoja zaidi, ikatua laini. Ya tatu upepo uliamka katikati ya kuanguka ukaisukuma kuelekea ukingoni. Akaiinamisha pua, akaivuta, akainua ikiwa imebaki upana wa kiganja kufika chini. Katibu alipiga magoti na futi yake, akapima, akapima tena. Akasimama akijipangusa.

"Ndani. Kwa vidole vitatu."

Watu wakampigia makofi. Mimi nilikwenda kuokota vipande vyangu, kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi. Katibu alikuwa ametoa fomu, anaijazia kwenye boneti ya gari lake. Tarehe. Aina ya helikopta. Idadi ya kutua.

"Jina la mwalimu?"

Hapo hata Betri alijifanya anafunga kamba za viatu. Niliinamia kipande cha mkia nikakishika kama ndicho cha kwanza kukiona duniani. Akisema hakuna, nilijisemea, atakuwa na haki, na nitakwenda nyumbani nayo.

"Andika baba yangu," akasema.

Katibu akainua kalamu. "Una hakika?"

"Nina hakika. Ni yeye kanifundisha." Akainama juu ya boneti, akaweka kidole kwenye mstari uliofuata, ule unaouliza mafunzo yalianza lini. "Na hapa andika tarehe ya leo."

Katibu akaandika.