Ngeli Baada ya Nukta

Fundi wa kompyuta alikuwa na kanuni moja: ukimwambia kitu kimekufa, hakubali mpaka aone maiti. Kwa hiyo Mwalimu Ngeli alipompigia simu saa mbili asubuhi kusema kwamba mafaili yake mia nne na kumi na mawili yamekufa yote kwa mpigo, fundi hakutoa pole. Alifunga duka, akabandika mlangoni kikaratasi cha "Narudi", akashika njia kwa miguu.

Jina la Ngeli alilipata kwa wanafunzi, katika miaka thelathini ya kufundisha sarufi. Ukisema mbele yake kwamba maji imemwagika, alikuwa akikutazama mpaka maji yenyewe yaone haya. Alipostaafu aliingia karakana moja baada ya nyingine akikusanya maneno ya useremala, na miaka kumi na miwili baadaye alikuwa na kamusi. Chuo cha ufundi kilikubali kuichapisha. Mchapaji alikuwa akipokea kazi leo, mwisho saa kumi jioni. Ikipita saa hiyo, zamu ya mtambo ingerudi mwakani. Mwalimu alikuwa na miaka sabini na sita, na "mwakani" halikuwa neno alilolitumia ovyo.

Kompyuta ilikuwa mezani chini ya dirisha, mpya, na nailoni yake bado kwenye kioo. Mke wa Mwalimu alikuwa kitandani kwa pembeni akikunja nguo zilizotoka kamba.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba," walijibu pamoja. Mwalimu akavuta kiti. "Fundi wa jana alisema tufute, tuanze upya. Miaka kumi na miwili, tuanze upya. Alivyotamka ungedhani anasema tubandike chai nyingine."

"Faili ipi ilikufa kwanza?"

"Faili lipi."

"Lipi," fundi alikubali, bila kinyongo.

Mwalimu alibofya mara mbili faili lililoandikwa *randa.i-zi*. Ikafunguka programu ya muziki, ikakaa kidogo, ikasema haiwezi kulicheza. Alibofya *shoka.li-ya*. Ikafunguka programu ya picha, ikaonyesha kiza na alama ya mshangao. Alibofya *msasa.u-i*. Kompyuta haikufungua kitu. Ilileta kidirisha, ikauliza faili hilo lifunguliwe na programu gani.

Fundi hakugusa kitu. Alisoma orodha ya majina kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu.

"Mwalimu, hii i-zi baada ya nukta ameandika nani?"

"Mimi. Kila neno na ngeli yake. Randa hii, randa hizi. Shoka hili, mashoka haya. Mwanzoni palikuwa na herufi nyingine pale, mara *docx*, mara *wav*. Nilizitafuta katika kamusi nne. Si maneno. Nikazifuta, nikaweka kitu chenye maana."

"Na kompyuta haikukuonya?"

"Ilionya kwamba faili huenda lisitumike. Nikaona inanitishia tu."

Mke wake alicheka kimya, uso ndani ya shuka alilokuwa akikunja.

"Na yalifunguka miaka yote hiyo?"

"Yote. Kwenye ile kompyuta ya zamani mpwa wangu aliiambia kwamba kila ngeli ifunguliwe na programu ya kuandikia. Sauti nilikuwa nazifuata kulekule ndani ya programu ya sauti na kuziita kwa majina. Ya zamani ilipoungua tukahamishia mafaili humu, na mpwa yuko safarini."

"Kwa hiyo ya zamani ilikuwa imefundishwa ngeli," fundi alisema. "Hii haijaenda shule. Sasa nani aliiambia i-zi ni muziki?"

Shuka lilikunjwa mara ya nne, likawa dogo kuliko ilivyohitajika.

"Iliuliza," mama alisema. "Nilitaka kumsikia marehemu Mzee Pima anavyoeleza nyundo. Nikabofya, ikauliza lifunguliwe na programu gani. Mtu akikuuliza kwa adabu unamjibu. Nikasema muziki, na Pima akasema. Ikauliza tena, iwe hivyo daima? Nikasema daima. Mimi si kigeugeu."

"Na li-ya?"

"Hiyo nilikuwa najaribu tu."

Mzee Pima alikuwa seremala, na jina hilo alilipata kwa kupima ubao mara tatu kabla ya kushika msumeno. Alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Robo ya kamusi ilitoka kinywani mwake.

"Hakuna kilichokufa," fundi alisema. "Kompyuta haisomi kilichomo. Inaangalia herufi zilizo baada ya nukta ya mwisho, kisha inaangalia orodha yake: wa mkia huu anakwenda chumba gani. Ni kama bawabu mgeni. Mama alimwambia wote wa i-zi waende ngomani, na bawabu anatii."

Alianza na njia nyepesi. Alibofya *randa.i-zi* kwa kitufe cha kulia, akachagua "Fungua kwa", akachagua programu ya kuandikia, akatia alama kwenye neno "daima". Randa ikafunguka: maana yake, aina zake tatu, mfano wa sentensi. Mwalimu alitoa pumzi ambayo pengine aliishika tangu jana.

"Sasa nyundo," fundi alisema, akabofya.

Programu ya kuandikia ikamwaga ukurasa mzima wa herufi za ajabu, kama mtu aliyetapika alfabeti.

"Hapo sasa," mama alisema. "Mmeniulia Pima."

Fundi alitabasamu. Mwalimu aliliona tabasamu hilo na hakuona sababu yake. Ila fundi alikuwa amepata alichokuwa akikitafuta: randa ni maandishi, nyundo ni sauti, na zote ni i-zi. Mkia mmoja, vitu viwili. Hata ukimfundisha bawabu namna gani, atakosea nusu ya kazi, kwa kuwa ngeli ya neno haisemi faili limetengenezwa kwa kitu gani.

"Tuyatofautishe vipi?" Mwalimu aliuliza. "Nilikuwa nakumbuka kwa kichwa. Siku hizi kichwa nacho kinauliza kifunguliwe na nini."

Fundi alifungua programu ndogo ya maandishi matupu, ile isiyojua mapambo, akaingiza randa ndani yake. Takataka tupu. Akaweka kidole mwanzoni kabisa. "Soma herufi mbili za kwanza."

"P, K."

Akaingiza nyundo. "Na hapa?"

"R, I, F, F." Mwalimu alivaa miwani. "Na mbele yake kidogo, *WAVE*."

"PK ni maandishi ya programu yako ya kuandikia. RIFF yenye WAVE ni sauti. Mkia ni kibandiko tu, ukiubadilisha faili halibadiliki. Lenyewe limejiandika mwanzoni."

Mwalimu aliweka kidole chake pale palipokuwa na cha fundi. Kisha alisema polepole, kama anayeonja, "Kiambishi awali."

"Eeh?"

"Mtoto anajuaje kitabu ni ki-vi? Anatazama kichwa cha neno, si mkia. Mambo haya nimefundisha miaka thelathini, halafu nikaenda kubandika ngeli mkiani." Alivuta kiti karibu. "Lete jingine."

Wakaleta patasi: PK. Msumeno: RIFF. Msasa ulianza na uchafu kidogo, kisha zikaja JFIF, na fundi akasema hiyo ni picha kabla Mwalimu hajakumbuka kwamba ndiyo, aliupiga picha msasa wa karakana ile ya nyuma ya stendi. Walianza kubahatisha kabla ya kufungua. Mwalimu alipata sita katika kumi. Fundi, ambaye hakuwahi kushika randa, alipata saba.

"Saa sita imepita," mama alisema. "Mchapaji hachezi kitendawili na nyinyi."

Fundi alitengeneza kwanza nakala ya mafaili yote kwenye flashi, akaichomoa, akampa mama aishike. Kisha akaandika amri chache: soma kichwa cha kila faili lenye nukta, ukikuta PK ongeza mkia wa maandishi, ukikuta RIFF ongeza wa sauti, ukikuta JFIF ongeza wa picha.

"Ngeli haitoki," Mwalimu alisema.

"Haitoki. Kompyuta inatazama nukta ya mwisho tu. Itakuwa *randa.i-zi.docx*. Ngeli yako, halafu ngeli yake."

"*Docx* bado si neno."

"Kwako."

Majina yalibadilika kwenye kioo, mstari baada ya mstari. Fundi aliingia kwenye mipangilio, akapitia orodha ya aina za mafaili: maandishi kwa programu ya kuandikia, sauti kwa ya sauti, picha kwa ya picha. Alibofya nyundo. Sauti nzito ikasema, "Nyundo hii ya kucha, hii ndiyo mama wa karakana." Mama alijifuta jicho kwa kona ya shuka na kusema kuna vumbi.

Saa nane na nusu. Mafaili mia nne na kumi na moja.

"Moja limebaki," fundi alisema. "Halina nukta kabisa. *Koleo*."

"Hilo liache." Sauti ya Mwalimu ilipoa. "Nililiacha makusudi. Nusu ya mafundi wanasema koleo hili, nusu koleo hii. Sina ushahidi wa kutosha. Siandiki nisichokijua; litatoka bila ngeli."

"Ndani kuna nini?"

"Maelezo yangu, nadhani."

Fundi hakuwa mtu wa kukubali "nadhani" pia. Alilifungua kwenye maandishi matupu. RIFF. Alilipa mkia wake, akabofya.

Msumeno ulikereza, ukanyamaza. Kisha Mzee Pima, kama yumo mlemle chumbani: "Nipe koleo lile pale. Aa, hilo la jirani ni bovu. Basi, acha. Hii hapa koleo yangu, hii haijaniangusha."

Mwalimu aliomba lirudiwe mara tatu.

"Yote mawili," alisema. "Kwa pumzi moja. Li kwa la jirani, i kwa yake mwenyewe."

"Kwa hiyo ndiyo kanuni?" fundi aliuliza. "La watu li-ya, yako i-zi?"

"Mtu mmoja si kanuni. Lakini ni ushahidi kwamba zote zipo." Aliandika mwenyewe, vidole viwili: *koleo, li-ya, pia i-zi*. Aliuangalia ule mkato wa pili muda mrefu, kisha akauacha.

Saa tisa na robo alikuwa amevaa koti. Fundi alihamishia kazi iliyotengenezwa kwenye flashi ya pili, akajaribu kila aina mara moja, akamkabidhi mlangoni.

"Faili hii ya koleo nimeiweka mwisho, usiisahau."

Mama alisimama na nguo mkononi, akingoja. Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga. Alitoa daftari dogo mfukoni, akaegemea nguzo ya mlango.

"Faili hii," alirudia akiandika. "Msemaji, fundi wa kompyuta. Umri wako?"