Mfuko wa Pumzi

Taka-tak, taka-tak, taka-tak. Kabla hujaliona lango la kiwanda, mlio huo unakupokea kwenye kona ya barabara na kukuingia kwenye meno. Ukivuka lango unakuwa mtetemo wa miguuni. Ukifungua mlango wa chumba cha kufumia, basi, masikio yamekwisha kazi. Mashine mia mbili na kumi zinapiga kwa pamoja, na hata mtu akikuita huku amekushika bega, utaona mdomo wake tu.

Kwa hiyo tunazungumza kwa midomo. Mfumaji aliyezoea husoma maneno ya mwenzake kutoka mashine ya kumi, na hujibu vivyo hivyo, bila sauti, kila neno akilitafuna polepole kama mkate mkavu. Mle ndani watu wamechumbiana, wamesutana, wametukanana na kuombana radhi, na mgeni akiingia ataapa kwamba tumenyamaza siku nzima. Na siasa! Bunge halina mjadala kama wetu.

Kiwanda ni cha serikali, serikali ni ya chama cha Taa, na mimi ni mtu wa Taa. Sifichi. Mwaka jana tulipigania Sheria ya Pumzi mpaka viatu vikatoboka: mfanyakazi yeyote ambaye kifua chake kimeharibiwa na vumbi la pamba aondolewe kwenye vumbi siku hiyohiyo, na alipwe mshahara wake wote kutoka Mfuko wa Pumzi hadi apone au azeeke. Nakala yake nilikuwa natembea nayo mfukoni. Wimbo wa maandamano niliutunga mimi:

Mtu si uzi wa pamba, utupwe ukikatika.

Dada yangu hakuandamana. Yeye yuko upande wa pili wa ukuta, chumba cha marobota, ambako pamba hufunguliwa na kupigwa kabla ya kusokotwa, na vumbi ni zito mpaka taa zinaonekana kama mayai yaliyofunikwa kitambaa. Miaka kumi na saba yuko mle. Ndiye aliyenilea mimi baada ya mama, na ndiye anayemsomesha binti yake uuguzi, peke yake, kwa mikono hiyo miwili. Ilibaki miezi minane binti amalize.

Alikuwa anatema damu. Nililijua hilo kwa sababu tunakaa nyumba moja, na asubuhi nilikuwa nasikia bomba likifunguliwa kwa nguvu ili nisisikie kikohozi. Siku niliyomkuta ameinama juu ya beseni, alijifuta mdomo, akanitazama.

"Usimwambie mtu."

"Dada, sheria ipo! Ukisema tu, wanakutoa mle na mshahara unakufuata nyumbani."

"Wameshawatoa watatu chumbani kwetu. Kila mmoja kapewa barua nzuri. Barua ina muhuri, ina pole, ina ahsante. Hakuna aliyepata hata senti. Mmoja sasa anafua nguo za watu." Akafunga bomba. "Miezi minane, mdogo wangu. Halafu nitaumwa hadharani kama mnavyotaka."

Niliona ni woga wa mtu asiyesoma magazeti. Nikamkubalia, lakini moyoni nilimhurumia kwa ujinga wake, si kwa kifua chake.

Mpinzani wangu mkubwa alikuwa Fundi Spana, mtengenezaji wa mashine, mtu wa chama cha Daraja tangu kichwani hadi kisiginoni. Mnene, mcheshi, ana ulimi wa wembe. Chama chake kilitaka kiwanda kiuzwe na Mfuko ufungwe. Jumatano ile, wiki sita kabla ya uchaguzi, alikuwa anakaza nati kwenye mashine ya jirani yangu. Akainua uso, akanianza kwa midomo.

"Kasuku wa Taa, umeamkaje? Wamekupa mtama leo?"

"Nimeamka vizuri, kibaraka wa matajiri. Wewe wamekupa mfupa?"

Wenzetu wakageuka. Mashine zinaenda, mikono inaenda, macho yote yako kwenye midomo yetu.

"Mimi nauliza hesabu tu," akasema Spana. "Mshahara umepandishwa kwa amri. Sawa. Mkate umeshushwa bei kwa amri. Sawa. Mfuko wa Pumzi umeundwa kwa amri. Haya, amri inakamuliwa maziwa? Pesa zinatoka wapi?"

"Kwa wanaozificha. Kwa rafiki zako."

"Rafiki zangu! Mimi rafiki yangu ni huyu." Akainua spana. Watu wakacheka, nikaona meno safu nzima. "Gunia tupu halisimami, ndugu yangu. Nionyeshe mtu mmoja humu ndani ambaye sheria yenu imemfaa au itamfaa. Mmoja! Nitavua fulana hii ya Daraja nikupe upigie deki."

Damu ilinipanda. Watu ishirini walikuwa wananitazama, na mimi sijawahi kushindwa kwa maneno tangu nilipoota ndevu. Nikafungua mdomo wazi kabisa, ili hata wa ukutani asome.

"Dada yangu! Anatema damu kila asubuhi, yuko humohumo kwenye marobota. Chama chako kingemwacha afe kama panya. Chetu kimemwekea mfuko!"

Spana aliinama akaendelea na nati yake. Nikajiona nimeshinda. Wawili watatu walinipungia ngumi, nami nikarudi kwenye nyuzi zangu nikiwa mrefu kuliko mlango.

Sikuangalia juu.

Juu, kwenye ukuta wa mwisho, kuna kibanda cha kioo anamokaa msimamizi. Huyu wa sasa alikuwa na miezi miwili tu, ameletwa kutoka kiwanda kingine, mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni. Tulimwita Bwana Kioo. Tulidhani ni wa ofisini, wale wanaotutazama kama mtu anavyotazama sinema isiyo na sauti.

Saa nane mchana muuguzi wa kiwanda aliingia chumba cha marobota na daftari. Dada aliambiwa apulize kwenye kibomba cha kupimia pumzi, akapuliza, akaambiwa arudie. Mara ya tatu hakuhitaji kuambiwa, kikohozi kilisema chenyewe, kwenye aproni, mbele ya wenzake wote. Wakamvua aproni ile kwa upole mkubwa. Wakampa barua.

Mimi niliambiwa na mwanamke wa kufagia. Niliacha mashine ikienda nikapanda ngazi mbili mbili mpaka kwenye kibanda. Mlango wa kile kibanda ukifungwa, kelele hubaki nje. Nikapaza sauti kama mwendawazimu.

"Mzee, ni uongo! Nani kakwambia? Yule ana mafua tu!"

Bwana Kioo alinitazama. Halafu, bila kutoa sauti hata chembe, akafungua midomo wazi, kila neno likitafunwa kama anavyofanya mtu wa mashineni.

"Nilifuma miaka kumi na moja, kijana."

Kumbe alikuwa ameisoma midomo yangu kutoka kule juu. Akaendelea kwa sauti ya kawaida, wala hakuwa na hasira.

"Nilitamani nisione. Wallahi nilitamani. Lakini chumba kizima kimeona, na nusu yao ni Daraja. Nikijifanya kipofu, kesho wananishtaki kwamba nimemficha mgonjwa, na sheria yenu inasema miaka mitatu jela. Mimi nina watoto."

"Mwache hata miezi minane. Mpeleke ghala, mpeleke kufagia!"

"Vumbi liko kila mahali humu. Sheria imesema atolewe, haikusema ahamishwe. Kifungu cha nne." Akaashiria mfuko wangu wa shati, ambamo nakala ilikuwa inachungulia. "Soma. Si unayo?"

Ninayo. Kifungu cha nne nilikuwa nimekipigia mstari kwa wino mwekundu, kwa furaha, siku kilipopita.

Nyumbani nilimkuta dada ameketi kwenye kigoda, barua imewekwa juu ya meza na kukandamizwa na kikombe ili isipeperuke. Hakulia. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, dada."

"Ulikuwa unabishana."

"Ndiyo."

"Ulishinda?"

Niliichomoa ile barua chini ya kikombe, nikaikunja, nikaitia mfukoni pamoja na nakala ya sheria.

Siku mbili nilipanga foleni kwenye ofisi ya Mfuko wa Pumzi. Ofisi ipo, hilo siwezi kuwanyima. Ina rangi mpya, ina picha kubwa ya mwanamke anayecheka akiwa ameshika ua la pamba, ina viti vya plastiki ambavyo bado vilikuwa na nailoni. Kijana wa dirishani alipokea barua, akaipiga muhuri mwingine, akanirudishia.

"Mtaitwa."

"Lini?"

"Mfuko umefunguliwa, kaka, ila haujajazwa."

Nyuma yangu mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile nilikitambua ni cha chumba gani.

Ijumaa jioni Fundi Spana alikuja nyumbani. Alisimama mlangoni na mfuko wa machungwa, bila fulana ya chama, akamwamkia dada kwa adabu. Machungwa yakapokewa. Tulipotoka nje hakuwa na mzaha.

"Sikutaka iwe hivi, bwana wee."

"Najua."

"Lakini Jumapili tuna mkutano, na mimi nimepewa nafasi ya kusema. Nitamtaja."

Nilimshika ukosi wa shati. Hakunizuia.

"Utamtaja dada yangu ili ufunge hata huo mfuko mtupu? Mnunuzi wenu atamrudisha kazini, yeye na kifua kile?"

"Hatamrudisha," akasema Spana. "Hilo najua. Lakini uongo ni uongo. Na nisimtaje kwa nini? Ulimtaja wewe kwanza."

Nikamwachia. Alikunja ukosi wake vizuri, akaondoka kichwa chini.

Jumamosi akaja Katibu wa tawi letu la Taa, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye ndiye aliyenipa kadi nikiwa na miaka kumi na tisa. Alikubali chai, akakataa sukari. Alimpa dada pole ndefu. Kisha akageuza kikombe, akakigeuza tena.

"Mama yangu, tusizungushane. Mfuko una pesa kidogo sana. Kidogo, lakini zipo. Wa kwanza kwenye orodha watalipwa kabla ya uchaguzi. Wengine," akafungua viganja, "Mungu anajua."

"Na orodha inapangwa na nani?" akauliza dada.

"Tunapanga sisi. Kesho na sisi tuna mkutano wetu, uwanja wa shule. Wale wa Daraja watasema sheria imekuua. Ukikaa jukwaani, kiti cha mbele, watu wakakuona uko hai, umepumzishwa, unatunzwa... huyu mdogo wako akasimama akaeleza, maana ulimi wa kijana huyu ni mali ya chama... nakuhakikishia Jumatatu jina lako ni la kwanza. Na fungu la miezi mitatu kwa mkupuo."

Nilisimama nikagonga meza, chai ikamwagika. "Toka! Dada yangu si bango! Mimi sikuingia chama hiki ili niwauze ndugu zangu kwenye viti vya mbele. Yule mzee wa foleni je? Wale watatu wa kwanza je? Hao watakaa jukwaa la nani?"

Katibu hakukasirika. Alifuta suruali yake kwa leso. "Unaona? Kauli kama hizo. Ndizo tunazozihitaji kesho, ila uzigeuze uso." Akamwinamia dada kidogo, akasema atasubiri jibu pale nje, kwenye gari, dakika kumi.

Tukabaki wawili. Nilikuwa natembea ukuta hadi ukuta. Nilimwambia nitarudisha kadi. Nitakwenda nikachane nakala ya sheria mbele ya kamera. Nitaandika shairi litakalowachoma, Taa na Daraja pamoja, beti arobaini, mpaka wajukuu wao waone haya. Nilisema mengi. Dada alikuwa anakausha chai mezani kwa kitambaa, polepole, kwa sababu kuinama kulimkata pumzi.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Keti."

Nikaketi.

"Karo ya mwanangu inatakiwa mwisho wa mwezi. Hiyo hasira yako chuo wanaipokea dirisha la ngapi?"

"Dada..."

"Subiri nimalize, pumzi yangu si ya kupoteza." Akatulia mpaka kifua kikakubali. "Nitakwenda. Nitavaa gauni la buluu, nitakaa mbele, nitacheka kama yule wa kwenye picha. Kikohozi nitakibana, nimekibana miaka miwili, saa mbili hazinishindi. Lakini wewe ukisimama pale ukaanza moto wako, ukaropoka ukweli ili upigiwe makofi, watalifuta jina langu kabla hujashuka ngazi. Nakujua. Wewe ukiona watu wanakutazama, unasahau nani yuko nyuma yako."

Honi ya gari ililia nje mara moja, kwa adabu.

"Ilikuwa kazi yangu," akasema. "Uliichukua kwa mdomo. Basi huo mdomo uko chini yangu kwa siku moja. Kesho utaisifu ile sheria. Utamsifu Katibu. Utamsifu mpaka kifungu cha nne. Na usiseme nusunusu kama mtu aliyelazimishwa. Uisifu vizuri, kwa beti, kama ulivyoisifu siku ile mlipoandamana."

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa makavu, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikamjibu kwa midomo tu, bila sauti, kama tuko mashineni.

"Sijakusikia," akasema dada.

"Nitaisifu," nikasema, na sauti yangu ilifika mpaka barabarani, kwenye gari. "Kesho, mbele ya watu wote, nitaisifu ile sheria, kifungu kwa kifungu, na sitakutia aibu. Nakuahidi, dada."