Mke Mwenza wa Bibi Mwanamina

Tangu alipotoka hospitali Dar, Safina alikuwa hatulii. Atakaa kibarazani, ataingia ndani, atatoka tena, magongo yakigonga sakafu mpaka wapangaji wenzao wakachoka. Mguu wa kushoto ulikatwa juu ya goti kwa sababu ya kansa ya mfupa, na Jumatatu alitakiwa arudi akaambiwe kama kansa yenyewe imeisha au imehamia mapafuni. Hilo peke yake lilitosha kumkosesha mtu usingizi. Lakini aliyemkera zaidi alikuwa bibi yake.

Bibi Mwanamina, mama wa baba yake, alikuwa mtani wake tangu anazaliwa. Alimwita mke mwenza, kama mabibi wa huku wanavyowaita wajukuu zao wa kike, wala hakuishia kwenye jina. Alimgombea Babu Kibwana, akamsingizia uchawi, akamcheka pua mbele za watu. Sasa bibi huyo huyo ametoka kijijini kwao huko delta, yeye na babu, kuja Kibiti kumuuguza, na kutwa ni mwanangu kula, mwanangu pumzika, kwa sauti ya matangani. Safina alilielewa kwa namna moja tu: bibi ameshamzika.

Shoga yake Zuena ndiye aliyemletea riwaya ya vijana wawili wenye kansa. Safina aliisoma kwa wivu. Vijana wale walitaniana wodini bila haya, wakagombea kitanda cha dirishani, msichana akimwuliza mwenzake anakufa lini ili akirithi. Safina alicheka peke yake mpaka bibi akatoka jikoni kuuliza kuna nini, naye akamsomea. Bibi akabadilika uso. Alisema hayo ni maneno ya kujitakia shari, akarudi kwenye chungu chake.

Kesho yake kitabu hakipo. Safina alipekua chini ya godoro, akapekua kabatini, akaishia kwenye gunia la mpunga, na humo akakikuta kimeviringishwa ndani ya kanga ya bibi. Alitoka nacho kibarazani hasira zimempanda. Bibi alikuwa anachambua mchele, babu anasikiliza redio.

"Bibi, kwa nini?"

Bibi Mwanamina alisingizia vumbi, akasingizia panya, mwishowe uongo ukamwishia. Yeye kusoma hajui, kwa hiyo alimwomba Zuena amsimulie mwisho wa kitabu, na Zuena akamwambia msichana anakufa.

"Sikutaka ufike huko, mwanangu."

Safina akakifungua kitabu katikati. "Nilianza na mwisho, bibi, siku ile ile nilipoletewa. Mwisho naujua. Mimi nataka hapa katikati, wanapocheka. Na wewe ulikuwa unanicheka. Siku hizi unaniangalia tu, nami naogopa."

Babu akazima redio. Bibi alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akamtazama mjukuu wake kuanzia kichwani mpaka kwenye mguu uliobaki.

"Tangu urudi namwekea mume maji ya kuoga peke yangu," alisema, sauti haijakaa sawa. "Zamu zako zote nimezibeba mimi. Mke mwenza gani wewe, unajificha nyuma ya mguu mmoja?"

Babu Kibwana akadakia kwamba hata yeye uzembe huo ameuona, ila alikuwa anastahi.

Safina alilia na kucheka kwa pamoja. Akamjibu bibi kwamba mzee mwenyewe kuoga hapendi, na kwamba Jumatatu akishasikia majibu, yawe yoyote, anakuja kudai talaka yake. Bibi akasema hakuna talaka kabla ya kulipa zamu.

Basi Safina akashika gongo moja, mkono wa pili akakamata ndoo ndogo, akaelekea bombani. Hofu ya Jumatatu ilikuwa bado imemkaa kifuani. Aliporudi maji yalikuwa yanamwagika kila hatua, na Bibi Mwanamina alikuwa nyuma yake akimsimanga kwa kila tone, wala hakunyoosha mkono kumsaidia.