Cheni ya Baiskeli ya Tarishi

Fundi Polepole aliipindua baiskeli ya marehemu tarishi, akaisimamisha kwa usukani na kiti juu ya gunia, kisha akazungusha pedali kinyumenyume kwa kidole kimoja. Cheni ililia. Akaisimamisha, akafikiri kidogo, akazungusha tena.

"Si ukavu peke yake," alisema. "Kuna uchafu wa miaka humu."

Mama Pacha, mjane wa tarishi, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa karakana. Mwisho wa mwezi angehamia kwa kaka yake pamoja na watoto wake pacha, na kaka alikuwa amesema baiskeli ingemfaa kuendea kazini, mradi isipige kelele.

"Mwenyewe alikuwa anaipaka mafuta kila Ijumaa," alisema Mama Pacha.

"Juu ya uchafu, shemeji. Nilimwambia mpaka nikachoka. Unafuta kwanza, ndipo unapaka. Yeye anamimina tu, anapanda, huyo! Vumbi la leo linanasa kwenye mafuta ya jana."

"Hata kuoga alikuwa hivyo hivyo. Anajipaka mafuta, halafu ndiyo anauliza maji yako wapi."

Wakacheka kwa sauti ya chini, kama watu wanaomsema mtu aliye chumba cha pili.

Fundi alichovya mswaki mkuukuu kwenye mafuta ya taa, akaanza kusugua pingili moja moja. Hakuitwa Polepole bure. Wateja wenye haraka walikwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na baadaye wakarudi kwake. Uji mweusi ulidondoka kwenye kopo. Chini ya weusi ulitoka udongo mwekundu wa njia ya nyuma ya kiwanda, na baada ya udongo zikatoka chembe nyeupe, nyingi, zilizojibana katikati ya pingili. Fundi akazisaga kwa vidole.

"Changarawe nyeupe. Hii ya wapi?"

"Kwa meneja wa kampuni," alisema Mama Pacha. "Uwanja wake wote ameumwagia hiyo."

Tarishi aligongwa na lori kwenye kona iliyo chini ya kilima cha meneja, mchana, saa za kazi. Ofisi ilisema tarishi hubeba barua baina ya ofisi na posta, na kona ile haiko njiani. Kwa hiyo alikuwa kwenye shughuli zake binafsi. Angekuwa amefia kazini, mjane wake angebaki kwenye nyumba ya kampuni mpaka pacha wamalize shule. Mama Pacha alikwenda akaeleza kwamba mumewe alitumwa kila siku kumchukulia meneja chakula nyumbani kwake. Wakamuuliza kama kuna aliyeshuhudia. Meneja alisema hakumbuki.

Fundi aliikausha cheni kwa tambara, akachukua kichupa cha mafuta ya cherehani na kutia tone kwenye kila pingili, bila kuruka hata moja. Akazungusha pedali ili mafuta yaingie ndani, akafuta yaliyobaki juu. Kisha akaigeuza baiskeli, akaisimamisha kwa stendi.

Baiskeli ikapandisha stendi yake, ikatoka karakana.

"Inakwenda vizuri," alisema fundi, akiinama kutazama cheni. "Hailegei."

"Nifunge mkoba wangu niifuate," alisema Mama Pacha. "Isije ikapotea."

Haikuwa na nia ya kupotea. Ilishika kushoto, ikapunguza mwendo penye matuta, ikapiga kengele kwa mama mmoja aliyekuwa anavuka na beseni la nguo. Mama yule akasogea, akaendelea na safari yake. Ilipanda kilima cha meneja bila kusukumwa, ikaingia uwanjani juu ya changarawe, ikasimama chini ya dirisha la jiko.

Mpishi alitoa kichwa nje.

"Umechelewa, baba," aliiambia baiskeli. "Chakula kimekaa mpaka kimechoka."

Akatoka na vyombo vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, akavifunga kwenye keria kwa mpira. Ndipo akamwona Mama Pacha getini, akihema.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kila siku ulikuwa unamfungia wewe?"

"Kila siku. Hata ile siku yenyewe. Lakini mimi nani aliniuliza?"

Baiskeli iliteremka kilima. Ilipofika kwenye kona ikalala chini, polepole, ubavu wa kulia, na gurudumu la mbele likazunguka hewani mpaka likasimama. Mchuzi ulivuja kidogo. Mama Pacha akachuchumaa karibu yake, akaweka mkono kwenye kiti. Baada ya muda baiskeli iliinuka, ikaendelea mpaka ofisini. Karani wa mapokezi akavifungua vyombo kwenye keria, akaviingiza kwa meneja, kama alivyokuwa akifanya zamani.

Mama Pacha aliingia nyuma yake. Meneja alikuwa ameshafunua chombo cha kwanza.

"Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa anafanya mume wangu," alisema Mama Pacha.

Meneja aliitazama baiskeli kupitia dirisha, kisha akautazama wali.

"Ni kweli," alisema. "Sasa nakumbuka. Pole sana, mama. Tangu aondoke, dereva ananiletea chakula kimepoa."

"Basi mwambie mkubwa wako tusihame."

"Jambo lile limeshafungwa. Ningelijua mapema, ningesema." Alisema kwa upole, na huenda aliamini. "Mchuzi umemwagika kidogo. Ni kwenye ile kona?"

"Ni pale."

"Nitamwambia mpishi akaze vifuniko."

Mwisho wa mwezi walihama. Kaka alikuja na mkokoteni wa kuazima, na pacha wakabeba mito vichwani wakigombana nani amebeba mzito. Nyumba ya kampuni ikapewa tarishi mpya, kijana mpole aliyewasaidia kutoa kitanda mlangoni. Yeye hubeba barua tu. Chakula cha meneja kina baiskeli yake.

Kaka hakuipata ya kuendea kazini. Kila mchana huondoka yenyewe, na jioni ikirudi huegemea ukuta wa uani, gurudumu likiwa limeelekea mlango. Pacha huikagua tairi na kuiambia habari za shule. Kwa kaka ni mbali zaidi na njia ni ya vumbi tupu, kwa hiyo haukupita muda cheni ikaanza kulia tena, toka kwenye kona hadi mlango wa ofisi.

Ndipo dereva wa kampuni alipokuja karakana na kopo jipya la mafuta, akamkuta Mama Pacha ameshaileta baiskeli kusafishwa.

"Meneja anawasalimu. Anasema ikipita inalia, wageni ofisini wanageuka. Ipakeni isisikike. Likiisha kopo hili, ataleta lingine."

"Ndicho kampuni ilichotoa?" aliuliza Mama Pacha.

Dereva alitazama viatu vyake. "Mimi nimetumwa, mama."

"Na mwenzako alitumwa. Nenda salama, mwanangu. Pale kwenye kona punguza mwendo."

Fundi Polepole aliipindua baiskeli juu ya gunia. Akasugua, akakausha, akafungua kopo na kulinusa. Yalikuwa mafuta mazuri. Akatia tone kwenye kila pingili, akisogeza cheni kwa kidole, mpaka akafika kwenye pingili ya kufungia, ile inayounganisha ncha mbili za cheni. Hapo akaziba kopo.

"Umeruka moja, shemeji," alisema Mama Pacha.

"Nimeruka?"

"Hiyo."

Fundi aliigusa pingili kwa ncha ya kidole. Tangu aanze ufundi hakuwahi kuacha pingili kavu kwenye cheni ya mtu.

"Itakufa kabla ya wenzake," alisema. "Ikifa, nitaweka nyingine."

"Nayo utaipaka?"

"Nitaisahau vilevile."

Mama Pacha aliokota tambara, akafuta yaliyobaki juu ya cheni, akiizunguka ile pingili moja.

Baiskeli sasa hupita barabarani bila sauti, isipokuwa mlio mmoja mfupi kila cheni inapomaliza mzunguko wake. Unasikika tangu kwenye kona, unakatika kwa muda baiskeli ikilala pale, kisha unaanza tena na kuja karibu. Wageni ofisini hawageuki tena. Meneja akiusikia huweka kalamu chini, anakwenda kunawa mikono, anarudi kukaa mezani na kungoja.