Bado Miaka Bilioni Moja

Mtaani walimwita Mnajimu. Alifundisha elimu ya anga chuo kikuu, lakini majirani hawakuona tofauti kati ya kupima nyota na kupiga ramli. Kinyozi wa pale kona kila alipomwona alimwomba amtazamie nyota yake, maana imefifia na wateja wamepungua. Mnajimu alicheka na kumjibu kwamba nyota anazozijua yeye hazimjui mtu.

Hakuwa na mke. Aliishi na mama yake, mjane mwenye ugonjwa wa moyo, na dada yake mdogo, fundi cherehani, kwenye nyumba ya bati isiyo na dari. Mwaka ule joto liliwahi kuja na likagoma kuondoka. Hata usiku kuta zilikuwa za moto. Umeme ulikatika karibu kila mchana, feni ikabaki pambo.

Jumamosi moja chuo kilimpanga atoe mhadhara kwa umma. Siku hiyohiyo dada yake alikuwa na nguo za harusi za kupeleka upande wa pili wa mji, akamwomba aahirishe, au basi ashinde na mama mpaka yeye arudi. Mnajimu alisema watu wameshatangaziwa, na hatakawia. Mke wa kinyozi angekuwa anachungulia.

Kabla hajatoka alimfuta mama uso kwa kitambaa kibichi, akamsogezea jagi la maji. Mama akataka kujua anakwenda kuwaambia watu nini. Akamweleza kwamba ulimwengu unatanuka, makundi ya nyota yanazidi kuachana, na itafika siku atakayetazama angani kutokea hapa asione kundi lingine lolote ila hili letu.

"Na sisi?" mama aliuliza.

"Sisi bado tupo, mama. Jua lina maisha marefu."

Mama alifikiri kidogo. "Basi waambie wanywe maji," alisema, na Mnajimu akaondoka akitabasamu.

Ukumbi ulikuwa na viyoyozi na jenereta lake. Wengine walikuja kufuata ubaridi tu, lakini alizungumza vizuri, nao wakajisahau wakamsikiliza. Mwishoni mwanamke mmoja aliyepakata mtoto aliuliza binadamu watadumu hapa duniani mpaka lini. Mnajimu alieleza kwamba jua linazidi kung'aa polepole, na kwamba kwa makadirio bahari zitaanza kukauka baada ya miaka kama bilioni moja. Alikuwa na picha nyingine, za joto la karne hii, lakini muda ulikuwa umekwisha, akaziruka.

"Bado miaka bilioni moja," alimalizia. "Msianze kufungasha." Ukumbi mzima ukacheka.

Simu yake ilikuwa imezimwa.

Aliporudi alikuta mlango wazi na watu wamesimama nje. Umeme ulikuwa umekatika muda mfupi tu baada ya yeye kutoka. Mke wa kinyozi alichungulia mara moja, akaona mama amelala, akaona haya kumwamsha. Baadaye mama aliamka, akateremka kwenye sakafu ya saruji kutafuta ubaridi, na hapo ndipo binti yake alipomkuta, kati ya kitanda na mlango. Gari la wagonjwa walilipigia simu, wakaambiwa magari yote yako njiani kwa wagonjwa wengine. Dada mtu alikuwa bado anammwagia maji mama yake, ingawa kila mtu alishaona kwamba amekwenda.

Mnajimu alipiga magoti karibu naye. Shati lake lilikuwa na ubaridi wa ukumbini.

"Ulikuwa unajua," dada alisema bila kumtazama. "Miaka yote unatuambia joto litaongezeka, unatuchorea mpaka michoro. Ulikuwa unajua, kaka."

"Nilijua," alijibu.

Chumba cha maiti kilikuwa na foleni. Mhudumu aliwaambia wasubiri nje, majokofu yamejaa, tangu juzi wazee wanaletwa kwa mafungu. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu aliyechoka kulirudia.

Baada ya mazishi dada alichukua cherehani yake akahamia kwa mama yao mdogo. Hakugombana na kaka yake. Aliacha tu kuzungumza naye, isipokuwa pale mambo ya nyumba yalipolazimu. Mnajimu alirudi darasani. Jumbe za pongezi za mhadhara hakuzijibu.

Msimu uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Safari hii alimwendea kinyozi, wakapaka mabati ya mtaa chokaa nyeupe ili yasishike joto. Kila mchana asipokuwa na kipindi alizunguka na ndoo nyumba za wazee, akiwalowesha mashuka na kuwabembeleza wanywe. Wengi wao walivuka salama. Baba yake kinyozi hakuvuka. Alikata roho kabla ya alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mnajimu, madirisha yote yakiwa wazi na hakuna upepo unaoingia.

Habari zilimfikia dada. Alituma salamu kupitia mama mdogo kwamba amesikia, na kwamba Mnajimu ampe pole kinyozi. Hakuongeza neno.