Mwenyewe Yupo Ngazini

Perege wa saba alikuwa mkononi mwa Kidawa, nusu ana magamba nusu hana, alipogundua kwamba matumbo aliyoyatupa majini hayakwenda kama desturi.

Kila siku yalikwenda kushoto. Ziwa la Namihu limekaa kama bakuli katikati ya vilima, juu huko ukishaipita Milola, na asubuhi upepo hushuka vilimani ukasukuma kila kinachoelea upande wa matete. Miaka miwili sasa Kidawa alikuwa akipara samaki wa wageni wa kambi kwenye ngazi ya mwisho ya saruji, ile inayolambwa na maji, na miaka miwili matumbo yalielea hadi kwenye matete, ndege wakayala. Leo yalielea hatua mbili kutoka miguuni pake, kisha hayakuwapo. Ndege nao walikuwa wamesimama juu ya matete, hawashuki.

Akatupa mengine makusudi, akaangalia.

Maji yaliinuka kidogo tu, kama shuka linavyoinuka mtu akijigeuza usingizini, na matumbo yakazama. Nyuma ya pale yalipozamia, mbali kama urefu wa kitanda, palikuwa na vifundo viwili kama vya gogo. Vilikuwa vinamtazama.

Kidawa hakupiga kelele. Kwao, tangu bibi zao, mamba hatajwi jina karibu na maji, maana jina ni kumwita. Huitwa mwenyewe. Akavuta mguu wa kulia, akavuta wa kushoto. Akaanza kusoma Ayatul Kursiy, ikampotea katikati, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu alipokuwa chuoni mtoto mdogo. Akaianza upya. Alipanda kinyumenyume ngazi zote kumi na nne, kisu mkononi, samaki akawaacha palepale kwenye beseni.

"Tupishe, mwenyewe," alinong'ona. "Tunatafuta riziki tu."

Juu, hakujifikiria yeye. Alifikiria zamu. Asubuhi hupara yeye, jioni hupara Zuwena, binti yake, wa pekee aliyeachiwa na marehemu mumewe. Na jioni ndiyo wageni hurudi na samaki wengi.

Akaenda moja kwa moja ofisini, kibanda cha makuti nyuma ya jiko. Meneja Boniface, kijana wa bara aliyeletwa kambini mwezi wa pili, alikuwa anajibu ujumbe wa wageni kwenye simu.

"Meneja, samahani. Mwenyewe yupo."

Boniface akainua kichwa. "Mwenyewe? Hapa?"

"Yupo ngazini. Sasa hivi ndiyo nimeachana naye."

"Mungu wangu. Mbona hakupiga simu?" Boniface alikuwa tayari amesimama, anachomekea shati. "Yuko peke yake?"

"Mimi nimemwona mmoja."

"Amesemaje?"

Kidawa akamtazama. "Meneja, huyo hasemi."

"Basi kakasirika. Ndivyo alivyo, akikasirika hasemi. Mwambie Dionis abadilishe vitambaa vya meza, haraka! Na yale makopo yaondolewe!"

Akatoka mbio. Hapo ndipo Kidawa alipoelewa kwamba meneja anadhani amekuja Hatim, mwenye kambi, anayekaa Dar es Salaam na kuja mara mbili kwa mwaka bila kutoa taarifa. Alimfuata huku anaita, lakini kijana alikuwa ameshashuka, viatu vyake vimefika ngazi ya mwisho, karibu na lile beseni, kichwa kinageuka huku na huku kutafuta boti.

"Meneja, panda! Panda juu, mwanangu, nakuomba!"

"Si umesema mwenyewe yupo?"

"Mwenyewe wa majini! Mwenye meno!"

Ikamchukua kitambo. Kisha Kidawa akaona shingo ya kijana ikigeuka polepole kutazama maji, na uso ukimbadilika rangi. Alipanda ngazi kumi na nne kwa hatua tano.

Juu alikaa chini, akapumua, halafu akapandwa na hasira, kama wanavyopandwa watu walioogopa mbele ya wadogo zao kazini.

"Mamba. Si useme tu mamba?"

Kidawa akajiziba mdomo kwa kiganja. "Polepole, baba. Maji yapo hapa."

"Maji hayana masikio. Wageni ndio wanayo." Akatazama upande wa mahema. Palikuwa na gari moja tu siku hiyo, lile kubwa lenye vitanda na jiko ndani, ambalo wafanyakazi waliliita nyumba-gari. "Sikiliza, mama Zuwena. Neno hilo lisisikike kambini. Kwenye mtandao tumeandika ziwa salama. Kesho Ijumaa yanakuja magari manne. Likivuma hili, kambi imekufa, na wewe na mwanao mtarudi kuokota korosho."

Ndivyo ilivyokuwa. Yeye hakulitaja kwa kuogopa maji, meneja hakutaka litajwe kwa kuogopa wageni, na baina ya hofu hizo mbili jina lilikosa mtu wa kulisema.

"Basi samaki tupare jikoni," alisema Kidawa. "Matumbo tufukie. Haya matumbo ndiyo yaliyomzoesha."

"Jikoni kuna nzi na harufu, wageni walishalalamika. Na maji ya tangi ni ya kuogea wao. Mtapara kulekule. Mwangalie tu."

Mwangalie tu. Neno hilo alikaa nalo asubuhi nzima akifua mashuka.

Saa sita alikuja Nikodemu, bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, na pikipiki yake. Alikuwa akipita kila Alhamisi kula samaki wa bure, na Kidawa alimngoja amalize, ajisuuze mikono, ndipo akamsogelea na kumweleza kwa sauti ya chini.

Nikodemu hakumcheka. Alitoa simu ya ofisi, akaipangusa kwa shati. "Siku hizi hatuandiki kwenye karatasi, mama. Kila kitu humu." Akabonyeza. "Jina la aliyejeruhiwa?"

"Hakuna. Bado."

"Bado?"

"Bado, alhamdulillah."

"Sasa hapo ndipo penye kazi. Bila jina fomu haisogei." Akamwonyesha. Kisanduku cha kwanza kilikuwa kimezungushiwa mstari mwekundu. Akaweka nukta, kikakataa. Akaweka herufi moja, kikakataa.

"Weka langu," alisema Kidawa. "Kidawa binti Bakari."

"Haya. Umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Unaona? Kisanduku cha pili hicho. Mbuzi je? Kuku?"

"Sina."

Nikodemu alifuta jina la Kidawa, herufi moja moja, akaitia simu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtia Kidawa baridi. "Likitokea jambo nipigie, nije na bunduki siku hiyohiyo. Wallahi naja. Lakini litokee kwanza."

Zuwena alifika saa nane, kajifunga kilemba cha njano, anatafuna muwa. Kidawa alimvutia nyuma ya kamba ya nguo.

"Leo hushuki."

"Nani kasema?"

"Mimi. Mwenyewe yupo. Nimemwona kwa macho haya."

Zuwena akatema ganda. "Mama, naye. Si gogo lile? Dionis kasema ulimkimbiza meneja mpaka kapoteza kiatu. Kambi nzima inacheka, unanichoresha."

"Wacheke. Gogo halili matumbo."

Binti akaushusha muwa. Kisha akasema, sauti imeshuka, "Nisiposhuka nimwambie nini? Jenipher aligoma kusafisha vyoo siku ile, kesho yake yuko wapi? Nitashuka haraka, nitapara haraka."

"Usitie mguu majini."

"Sitii."

"Niapie."

"Wallahi sitii, mama. Ee!"

Kwenye saa kumi boti ilirudi. Mwenye nyumba-gari alikuwa mzee Mohammedraza, muuza vifaa vya ujenzi wa Lindi mjini, aliyelikodi gari lile ili mkewe Zaitunbai na mjukuu wao Mubina walale ziwani siku tatu. Walikuwa wamepata kambare wanne na perege hawana idadi, na Mubina, msichana wa miaka saba, alikuwa amembeba wake mwenyewe kwa masharubu, anaruka.

"Huyu wangu namuosha mimi!"

"Nenda na dada," alisema Zaitunbai, akakaa kwenye kiti cha turubai na kikombe cha chai.

Zuwena alishika beseni akashuka. Mtoto akamfuata, anahesabu ngazi kwa sauti. Kidawa alikuwa juu, mikono imeshika shuka lililolowa, na Boniface alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, anamtazama yeye, hatazami ziwa. Alimtikisia kichwa mara moja. Usithubutu.

Kumi na moja. Kumi na mbili. Sauti ya mtoto ikafika kumi na tatu.

Shuka likamdondoka Kidawa. "Zaitunbai, shikamoo," alisema, maana hata katika hofu ile ulimi haukuweza kumvamia mtu mzima bila salamu. "Mwenyewe yupo ngazini."

Zaitunbai alizaliwa Lindi, na baba yake pia. Hakuuliza ni mwenyewe gani. Kikombe kilivunjika kabla hajasimama sawasawa.

"Mubina! Panda! Panda mara moja, wacha huyo samaki!"

Akashuka nusu ya ngazi, akamkwapua mtoto kwa mkono, akapanda naye. Mzee Mohammedraza naye alikuwa anaita, "Mubina, Mubina." Jina la Zuwena hakuna aliyeliita isipokuwa mama yake.

Zuwena aligeuka kutazama kelele zinatoka wapi. Kambare wa mtoto alikuwa amemponyoka, anaelea ubavu, karibu kabisa na saruji, na Zuwena akainama kumdaka. Vidole vilikuwa havijafika. Samaki yule, mzito kama tofali, aliondoka juu ya maji kama aliyevutwa kwa kamba, na kwa nukta moja likaonekana taya, jeupe upande wa ndani, likafunga. Hapakuwa na kishindo. Mlio ule ulikuwa kama mlango wa kabati.

Zuwena alikaa kitako kwenye ngazi. Kidawa alishuka, akamshika makwapani, akamburura juu ngazi moja baada ya nyingine, na njia nzima binti alikuwa anasema neno moja, "Mama, mama, mama," kama anayejifunza kusema.

Nusu saa haikutimia, nyumba-gari ikaondoka. Zaitunbai alimpa Kidawa mkono, akamwambia Mungu akulipe, akapanda. Vumbi likasimama juu ya barabara ya Milola kwa muda mrefu.

Boniface alisubiri lishuke.

"Kesho usije," alimwambia Kidawa. Hakuwa anafoka. Alionekana amechoka na yeye ameogopa, pengine simu ya Dar es Salaam ilikuwa inamngoja. "Nilikuomba jambo moja. Zuwena abaki, asubuhi na jioni. Atafanya zamu zote mbili."

"Pale ngazini?"

"Pale ngazini. Kuna sehemu nyingine?"

Nyumbani hawakubishana sana. Kidawa alisema wote wawili waache. Zuwena aliuliza, tukiacha wote, tutakula nini, korosho zenyewe mwaka huu zimepigwa na ukungu. Kidawa akaenda kutawadha. Alisali, akakaa juu ya mswala, akatafuta dua ya mtu anayepara samaki mbele ya mamba, akaona wanazuoni hawakuifikiria hiyo, akaomba kwa maneno yake.

Ijumaa asubuhi Boniface alimkuta amekaa kwenye ngazi ya kumi, buibui kalikusanya magotini, mkononi ameshika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Ngazi nne chini yake Zuwena alikuwa anapara.

"Mama Zuwena, si tuliachana jana?"

"Tumeachana, meneja. Sikuja kazini. Nimekuja kumwangalia mwanangu."

Kijana akatazama ziwa, akatazama upondo, akatazama barabarani, ambako magari manne yenye mahema juu ya paa yalikuwa yanateremka kilimani. Kidawa aliona anavyopiga hesabu yake.

"Kaa," alisema mwisho. "Ila usiseme na mgeni."

Kila gari lilipofika, wageni walikuja kwanza kutazama maji. Mmoja wao, mwanamke mwenye kofia pana, akaelekeza kidole na kuuliza yule mama wa pale ni nani.

"Huyo?" alisema Boniface. "Huyo ni mlinzi wetu. Ziwa letu lina mlinzi saa zote."

"Safi sana," alisema mgeni. "Mmejipanga."

Kidawa alisikia yote. Hakugeuka. Zuwena alikuwa ameinama kwa samaki mwingine, na ndege, kule kwenye matete, walikuwa hawajashuka.